Miaka Yangu ya Kuwashonea Wagiriki

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa niharibu nguo. Mkuu wa Mavazi, mama wa Kimisri mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi, alinitupia mikononi joho jipya la mfalme na brashi ya waya. "Chakaza," akasema. Nilidhani sijamwelewa. Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha kuokoteza, kwa sababu tuliondoka Unguja mimi ni msichana mkubwa, na nyumbani kwetu Sib, huku Omani, tulisema Kiswahili tu. Nikasimama na lile joho kama niliyepewa mtoto wa watu nimshike.

"Mbona unalitazama? Sugua viwiko, sugua magoti, pindo litie chai na majivu. Nguo mpya jukwaani inasema uongo. Mfalme huyu katoka vitani, hakutoka dukani."

Kuchakaza ndiyo kazi ya kwanza ya fundi wa mavazi ya maigizo. Joho likitoka kwenye cherahani lina mng'ao wa duka, na taa za jukwaani zinauzidisha. Mtazamaji aliyekaa nyuma kabisa anaona mtu aliyeazima nguo, haoni mfalme. Kwa hiyo unalifua na kulifua tena, unalisugua pale mwili wa mtu unaposugua, unatia rangi kwenye mikunjo. Iliniuma kuharibu kitambaa kizuri namna ile. Mama yangu alinifunza kushona Malindi, Unguja, kwa cherahani ya mkono, na kwake doa moja la mafuta lilikuwa msiba.

Nilikubali kazi kwa sababu niliihitaji. Nilisoma mpaka darasa la saba, nilifiwa na mume mapema, sikujaaliwa mtoto. Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa na ukumbi mdogo nyuma ya klabu ya vijana hapa Maskati, na chumba cha nguo kilikuwa hakina dirisha. Kaka yangu mkubwa, Nasor, hakuipenda kazi hii. Yeye alikuwa amesoma, alikuwa na ofisi serikalini, na tangu baba alipofariki ndiye aliyekuwa na neno nyumbani. "Kushona sawa," aliniambia, "lakini huko kwenye maigizo usionekane." Nikamwambia fundi wa mavazi akionekana basi kazi yake imeharibika. Alicheka, akaniruhusu.

Aliyetuletea Wagiriki ni mukhrij. Mukhrij ndiye anayewaelekeza waigizaji na mwenye neno la mwisho juu ya mchezo mzima, tangu sauti mpaka kifungo cha shati. Huyu wetu alitoka Iraki, mtu mrefu, mvuta sigara, na michezo ya Wagiriki wa kale ilikuwa kama ugonjwa kwake. Hakuanza mchezo bila kutukusanya wote, hata sisi wa nguo na mafundi wa umeme, akatusimulia kisa chake kwanza. Nakumbuka aliposimulia kile cha mfalme aliyemtoa bintiye achinjwe ili jeshi lake lipate upepo wa safari. Mkewe akamngoja mpaka vita vikaisha, akampokea kwa zulia na maji ya kuoga, akamwua. Mtoto wao wa kiume akakua, akamwua mama yake.

Fundi wa taa, kijana wa Kibulushi aliyependa mzaha, akanyoosha mkono. "Ustadh, watu hawa hawakuwa na majirani?"

Tulicheka sote. Mukhrij naye alicheka, kisha akasema, "Walikuwa nao. Wamesimama pale pale jukwaani tangu mwanzo mpaka mwisho. Wanaimba. Wanajua kila kitu, na mlango hawaufungui."

Alitueleza pia kwamba Wagiriki hawakuyaonyesha mauaji yenyewe. Mtu anaingizwa ndani, mlango unafungwa, inasikika sauti, kisha mlango unafunguliwa na maiti inatolewa. "Adui kumwua adui ni habari ya vita tu," alisema. "Haihitaji jukwaa. Mimi nataka mkono uliokulisha ndio ukuue." Niliyasikia maneno yale kama mafunzo ya kazi. Niliwaza nguo za waimbaji ziwe za rangi gani.

Baada ya kuchakaza nilipandishwa kwenye kukata. Unaanza na kiolezo, yaani umbo la nguo lililokatwa kwenye karatasi nene. Unakipanga juu ya kitambaa, unachora kwa chaki, unakata, kisha unapiga bandi, mishono mirefu ya mkono ya kushikilia tu, ili mwigizaji ajaribu kabla ya cherahani kupita. Kwa mchezo ule wa mfalme Mkuu wa Mavazi alinipa nguo niliyoiogopa. Mke anamtupia mumewe vazi anapotoka kuoga, na vazi halina tundu la kichwa wala la mikono, ndani yake anahangaika kama samaki wavuni. Nilipaswa kushona nguo ya kumnasa mtu na bado mtu yule apumue. Nikatumia shashi nyepesi mbele ya uso na kitambaa kizito kila mahali pengine. Mwigizaji alipoijaribu alijikwaa, akaanguka juu ya meza ya pasi.

"Bi Salma," akasema akiwa ndani ya gunia lile, "mke wangu asiione nguo hii. Atakuja kuagiza ya kwake."

"Mwambie aje. Nitampunguzia bei," nikamjibu, na Mkuu wa Mavazi akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Nayasema haya ili mjue tulikuwa watu wa kawaida wenye furaha zetu. Nguo za kuulia ndugu tulizishona huku tunakunywa chai ya maziwa.

Mdogo wangu wa mwisho, Zuwena, alikuwa akija chumbani kwetu mara kwa mara. Mwili wake ulilingana na wa mwigizaji wetu mkuu wa kike, basi nikawa namvisha yeye nguo zenye bandi, nazunguka na pini mdomoni. Aliolewa na mtoto wa ami yetu, ambaye pia alikuwa rafiki wa Nasor tangu utotoni. Walikua pamoja, wamekula sahani moja. Nasor mwenyewe ndiye aliyeipanga ndoa ile na kuifurahia kuliko hata bibi harusi.

Adhuhuri moja nilimwambia Zuwena anyanyue mikono nipime kwapa. Mmoja hakuunyanyua. Nikadhani anatania. Nilipoishika kanzu yake kuipandisha, aliushika mkono wangu.

"Nimejigonga na mlango wa gari, da Salma."

"Mlango wa gari una vidole?"

Akakaa juu ya jora la melikani. Hakulia. Alinieleza taratibu, kama mtu anayesimulia mambo ya jirani, kwamba ilianza mwaka wa kwanza wa ndoa, na kwamba mumewe akimaliza humletea maji. Mkuu wa Mavazi alikuwepo. Hakujua Kiswahili lakini alifunga mlango, akatuachia chumba.

Nilimpeleka kwa Nasor siku ile ile. Kwetu mwanamke akiondoka kwa mumewe hurudi kwa baba, na kama baba hayupo hurudi kwa kaka. Zuwena alikuwa na haki ya nyumba ile. Nasor alimsikiliza mpaka mwisho, uso umemwiva kwa hasira, na nikashukuru Mungu. Kisha akaita kikao. Wakaja ami zetu, akaja mume. Ikaletwa kahawa, ikaletwa halwa. Sisi wanawake tulikaa chumba cha pili, mlango wazi nusu. Mume aliomba radhi kwa sauti ya chini, akaapa. Nasor akasema maneno ambayo nayasikia mpaka leo: "Wewe ni damu yetu. Kama si wewe wa kumsitiri, nani atamsitiri?" Wakasoma Fatiha.

Nikatoka nikamwita Nasor ukumbini. "Kaka, mwache akae kwangu japo mwezi."

"Akae kwako kama nani? Watu waseme kaka yupo na dada kalala kwa mjane? Salma, usinivunjie nyumba mbili."

Zuwena alivaa buibui lake. Alimpa Nasor mkono, kama adabu yetu ilivyo. Nasor akambusu kichwani na kumpeleka mwenyewe mpaka garini.

Hata miezi miwili haikutimia. Mume wake alinipigia simu chumba cha nguo asubuhi, akasema Zuwena ameteleza kwenye ngazi na amefariki. Nilimpigia Nasor ofisini kwake, akapokea yeye mwenyewe.

Maiti wetu tunawaosha wenyewe. Nilimwosha mdogo wangu pamoja na wanawake wawili wa ukoo. Sitaandika yote. Nitaandika kwamba shingo yake ilikuwa na alama, na ngazi haishiki mtu shingo. Wale wawili waliona nilichoona. Mmoja alivuta shuka haraka, mwingine akaendelea kumimina maji na kusoma.

Nasor nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji.

"Kaka, nimemwosha mimi. Nimeiona shingo."

"Muosha hasemi alichokiona. Hilo unalijua tangu mdogo."

"Hatusemi aibu ya maiti. Hii si aibu yake."

"Alianguka, Salma. Khalas. Baraza imejaa watu, usituvue nguo."

Kila anayeosha maiti kwetu anafundishwa kuficha alichokiona, na ni mafunzo mazuri. Yamewekwa kumhifadhi maiti. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuyachukua akamvika aliyeua.

Nilikwenda polisi kabla matanga hayajaondoka. Waliandika maelezo yangu vizuri, wakawaita mume na Nasor. Wale wanawake wawili walisema hawakuona kitu. Nasor aliapa kwamba asubuhi ile alikuwa amepita kwa Zuwena kuwasalimu, na kwamba alimwona kwa macho yake anateleza. Nasor ambaye nilimpigia ofisini, na habari akaisikia kwangu. Nililisema hilo pia. Nikaulizwa nani mwingine anajua, na hapakuwa na mwingine. Neno la kaka mkubwa na neno langu vikawekwa kwenye mizani, na mnajua mizani ile ililala wapi. Mume alihamia Sohar, akaoa tena.

Nilirudi kazini. Watu wanauliza niliwezaje kuendelea kushona michezo ile. Sikuwa na kazi nyingine, na kusema kweli, pale ndipo mahali pekee ambapo mlango ulifunguliwa na maiti ikaonekana. Mkuu wa Mavazi alipostaafu kurudi kwao, nafasi yake nilipewa mimi. Alinikabidhi mkasi wake na funguo, akanikumbatia. "Usiwaonee huruma sana waigizaji," akasema, "watakuvunjia zipu zote."

Kama Mkuu wa Mavazi nilikuwa na mafundi watatu chini yangu, mikutano na mukhrij, na ukumbi mkubwa zaidi. Mukhrij alikuwa amezeeka lakini ugonjwa wake haukupona. Akautaka mchezo wa yule binti wa mfalme, kabla ya vita. Baba anamdanganya binti kwamba anaitwa kuolewa, kumbe anaitwa kuchinjwa, na binti anafika amevaa nguo za harusi.

"Hizi sizitaki za Kigiriki," mukhrij aliniambia. "Nataka kila mama aliyekaa ukumbini aijue nguo hii."

Nikamshonea nguo ya kijani ya usiku wa hina, kama wanavyovaa maharusi wetu. Shingoni nilitia nakshi ile ile niliyomtilia Zuwena kwenye nguo yake alipoolewa: majani madogo ya uzi wa zari, jani moja limeelekea ndani. Niliishona mwenyewe, sikumpa fundi. Sitasema nilifanya kwa ajili ya sanaa. Nilijua Nasor atakuja, kwa sababu wakubwa wa ofisi yake walialikwa usiku wa kwanza. Nilitaka aione.

Alikaa mstari wa mbele. Mimi nilisimama ubavuni mwa jukwaa, pale tunaposimama na sindano iliyokwisha tiwa uzi kwa ajali za mwisho, na nilimwona vizuri. Binti alipotoka na ile nguo ya kijani, akamshukuru baba yake kwa kumtafutia mume, Nasor alivua miwani. Binti alipopelekwa ndani na mlango ukafungwa, Nasor alikuwa analia. Kaka yangu, mtu mzima, anajifuta macho kwa ncha ya kilemba chake mbele ya wakubwa wenzake.

Nikasema moyoni, ameona. Leo atasema.

Alinijia baadaye kwenye varanda, macho mekundu bado. Akanishika bega.

"Mashallah, Salma. Umeshona. Lakini baba gani huyu? Baba gani anamshika bintiye mkono, anampeleka mwenyewe?"

Nilimtazama usoni. Hakuwa anaficha. Hakuwa amejua. Alilia kwa moyo safi kabisa, kwa ajili ya Wagiriki.

"Hukuijua ile nguo?" nikamwuliza.

"Nzuri sana," akasema. "Ya kwetu kabisa." Akaenda kuitafuta gari yake.

Tangu usiku ule kazi ilinichosha. Wengi huamini mtu akiona jukwaani maovu yanayofanana na yake atajirudi. Mimi nilikaa miaka ubavuni mwa jukwaa nikitazama nyuso za watazamaji, si waigizaji, na naweza kuwaambia walivyo. Wanalia kweli. Kisha wanakwenda nyumbani wamepumua, wepesi, kama waliokwisha kulipa.

Mukhrij alifariki. Akaja Mkurugenzi mpya wa kikundi, kijana mwerevu, aliyeona ni rahisi zaidi kuagiza nguo zilizo tayari. Alikuwa na adabu. "Mama Salma," aliniambia, "siku hizi hakuna anayetazama pindo." Nilimwambia hakuna aliyewahi kulitazama, lilishonwa ili lisitazamwe. Nikastaafu mwisho wa msimu ule, nikahamia nyumba ndogo Azaiba.

Ningependa kuishia hapa, kama wastaafu wanavyoishia, na salamu kwa vijana wa fani. Lakini mwezi uliopita, baada ya alasiri, binti wa Nasor, Thureya, aligonga mlango wangu. Ni mwanamke wa miaka thelathini, anafanya kazi benki. Alikuwa na begi moja na mdomo umevimba.

"Shangazi, nisiende kwa baba," akasema. "Nilikwenda mara mbili. Amenirudisha mara mbili."

Hakumkumbuka Zuwena. Alikuwa mdogo sana wakati ule. Alikuwa anaambiwa, kama watoto wote wa ukoo, kwamba shangazi yake aliteleza.

Nasor alikuja kesho yake, baada ya alasiri vilevile, peke yake, anatembelea fimbo. Nilimpa kahawa. Thureya alikuwa chumbani, mlango umeegeshwa.

"Nimekuja kumchukua mwanangu," akasema. "Mumewe ameomba radhi. Wazee wamekwisha kusoma Fatiha."

"Haendi."

"Salma, mimi na wewe tumezeeka. Usianze tena."

"Basi nijibu neno moja, kaka, niridhike. Zuwena alikufaje?"

Hakusita hata kidogo. Alitia tende mdomoni, akaitafuna, akasema, "Alianguka. Allah amrehemu. Si unajua alianguka."

Mlango ukafunguliwa. Thureya alitoka bila mtandio, uso wake mzima wazi, akasimama mbele ya baba yake.

"Na mimi, baba? Mtasema nilianguka?"

Nasor alimwangalia yeye, akaniangalia mimi. Kokwa ya tende ilikuwa bado mdomoni na hakujua aiweke wapi. Alinyanyuka, akakosea viatu mara ya kwanza, akavaa vyangu, akavivua, akaondoka bila kuaga.

Hajarudi. Anatuma watu: wake wa ami, jamaa wa mbali, kila mmoja na halwa yake mkononi, kila mmoja anajua kila kitu, na wote wananiomba nisivunje nyumba. Nawapa kahawa, nawasindikiza.

Vijana walioniomba niandike habari za kazi yangu, niwieni radhi kama mlitaka zaidi juu ya vitambaa. Kazi ni nzuri. Jifunzeni kupiga bandi vizuri, na msione haya kuharibu nguo mpya. Lakini msiwaamini sana watu wanaolia ukumbini.

Thureya amefungua shauri la kutaka talaka. Mimi nimetajwa shahidi, nitasema nilichokiona usoni mwake, na nikiulizwa nitasema na kile cha zamani. Nasor naye ameitwa kama baba. Sijui atasema nini; kuapa hakujawahi kumshinda. Ila safari hii yule ambaye Nasor atamsemea yu hai, na atakuwa amekaa mbele yake, anamtazama.